Yaya wa Biro anajibu: IA imeingia ku kazi, sasa nani njo shefu?

Jambo kwenu wote. Mwezi huu barua karibu zote zinaongea kitu kimoja, akili bandia, ile sisi wote tunaita IA. Kuko wenye kuilipia, wenye kuiogopa, wenye kuitumikisha mu mfuko bila patro kujua. Nimechagua tano. Ya kwanza nimejibu mrefu juu iko na mambo mingi, zingine nitapita mbio, musikasirike.

*

*Yaya, jambo. Miye niko na ajansi ya tranziti hapa Lubumbashi, tuko batu 14, mizigo yetu mingi inapita Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Mutoto wangu mwenye kusoma informatike alinisukuma nilipe abonema ya ChatGPT, dola 20 kwa mwezi kwa kila mutu, nikalipia batu batano. Sasa mabarua inatoka muzuri kabisa, Kifaransa ya minista. Lakini dosie ya kiliya ilikuwa inakamata siku 6, na leo inakamata paka siku 6. Makuta yangu inaenda wapi? Ao batumishi banacheza?*
*— Mama M., Kampemba*

Mama M., jambo sana. Batumishi hawachezi, ao basi wanacheza kidogo kama siku zote. Mbele ya kutafuta mutu wa kukaripia, fanya hivi: shika dosie moja, uifuate kama vile wewe njo uko ile karatasi. Fakitire ilifika saa ngapi, nani aliifungua, ilienda ku meza gani, ililala wapi, ilikuwa inangoja nini. Andika masaa mu kaye, usiandike mu kichwa.

Ninajua yenye utaona, juu miye nilitumikaka mu biro ya tranziti myaka mingi mbele sijaanza kuwajibia hapa. Utaona kuandika barua kulikuwa kunakamata dakika 40, leo ni dakika 5. Aksanti IA. Kisha ile barua inaenda ku meza ya shefu wa biro, inalala. Asubui anairudisha juu ya koma moja. Inapanda ku meza yako wewe, na wewe uko ku mupaka, inalala tena siku mbili. Unarudi unasaini, inaenda ku kesi, kwa mwenye kushika makuta, kungoja bon ya kutosha makuta, na bon nayo inaomba saini, ya nani? Yako. Basi IA imekuondolea dakika 35 ndani ya siku 6, na siku 6 zenyewe ziko mu kungoja. Kungoja hakuna mutu anakuandikaka, hata uweke mashini ya kuandika haraka namna gani haitakugusa.

Tena kuko mubaya zaidi. Juu kuandika kumekuwa rahisi, kila deklaran, mwenye kujaza karatasi za duane, anatosha barua tatu pahali alikuwa anatosha moja, na zote tatu zinakuja kukulalia. Meza yako njo imekuwa Kasumbalesa, mulolongo wa makamyo mpaka ku kona.

Hii ugonjwa si ya leo. Mwisho wa karne ya 19 viwanda vya Marekani vilikuwa vinatembea na mashini moja kubwa ya mvuke, inazungusha chuma mrefu juu ku dari, na kila mashini ndogo inafungwa ku ile chuma na mukaba. Umeme ukakuja. Mapatro wakatosha mvuke, wakaweka moteri moja kubwa ya umeme pahali palepale, chuma ile ile, mikaba ile ile, wakakaa kungoja utajiri. Utajiri haukukuja, ao ulikuja kidogo sana. Paul David, mwenye kusoma historia ya uchumi, alieleza hii mambo mu 1990: faida kubwa ilionekana karibu mu myaka ya 1920, wakati viwanda vilianza kuweka moteri ndogo ku kila mashini, mikaba ikaondoka, sasa unaweza kupanga nyumba ya kazi kufuata njia yenye kazi inapita, si kufuata pahali chuma inapita. Karibu myaka 40, Mama! Na ku kompyuta ilikuwa vilevile, Robert Solow, ule wa Nobel ya uchumi ya 1987, mwaka ule ule aliandika kama kompyuta inaonekana kila pahali isipokuwa mu hesabu za uzalishaji.

Mukaba wako wewe ni saini.

Basi fanya namna hii. Dosie za kila siku, za makiliya wa zamani, mizigo ile ile, ziache deklaran azisaini yeye mwenyewe mpaka kiasi fulani, kiasi utachagua wewe, dola 500, dola 1000, kufuata namna moyo wako unavumilia. Kila juma unavuta tano bila kusema mbele ni zipi, unazisoma mpaka chini. Zile za mutu mupya, za bintu hamujabeba hata siku moja, hizo zipande kwako. Kwa bon ndogo ndogo mupatie mwenye kesi plafo yake. Itakuuma, najua, juu mu mabiro yetu saini njo ukubwa, mutu mwenye hasaini anaonekana sawa amekuja kutembea. Lakini ukikataa hii, bwaga na abonema, ununue mafuta ya groupe, itakusaidia zaidi siku za delestaji.

Na IA yenyewe, umeiweka ku kazi yenye si yake. Barua muzuri hakuna mutu alikuwa anakuulizaka. Yenye inakuchelewesha kabisa ni ile siku fakitire inasema karton 412 na liste de colisage inasema 421, na munakuja kuiona paka ku mupaka, kamyo imesimama, shofere anahesabu siku, kiliya anapiga telefoni kila saa. Kulinganisha karatasi mbili za kurasa 30 mustari kwa mustari, uzito, hesabu, bei, hiyo njo kazi inachosha mutu na haichoshi mashini. Ifanye siku karatasi zinafika hapa Lubumbashi, mbele kamyo haijatembea. Kisha mutu anahakikisha ile mistari yenye mashini imeonyesha.

Kwa nambari ya tarifu, ile ya duane yenye kusema muzigo ni wa aina gani, usijaribu kabisa kuiachia peke yake. Namba 6 za mbele ziko moja karibu dunia nzima, zenye zinafuata kila inchi inaongeza zake, na IA itakutolea namba iko na sura nzuri, imenyooka, yenye haiko mu kitabu chochote. Hapa kwetu ushuru wa kuingiza unaruka 5, 10, 20 kwa mia, ukikosea mustari ni amende, na DGDA, wale wa duane, haitapiga amende ChatGPT, itakupiga wewe.

*

*Mutoto wangu (ao kaka, sijue myaka yako), miye ni shefu wa servisi, niko na myaka 54, myaka 22 ku kampuni moja. Vijana zamani walikuwa wanakuja kuniuliza, leo hawaniulize tena, wanauliza telefoni. Na Direktere alikuwa anangojea rapoti yangu kila siku ya posho, sasa sekretere anatia mafishi yote mu mashini na inatosha rapoti mu dakika mbili. Nikae nifanye nini? Nianze kutafuta shamba?*
*— Papa K., Katuba*

Papa, shikamoo, heshima yote. Shamba ni muzuri siku zote, mahindi haijue IA, lakini usikimbie bado.

Nikuambie kwanza yenye iko kweli hata kama inauma. Mu 2023 Erik Brynjolfsson, mwenye kusoma uchumi, na wenzake wawili walitosha utafiti juu ya watumishi 5,179 wenye kazi yao ni kujibu makiliya ku kompyuta. Wakawawekea IA yenye kuwapulizia majibu. Kwa wote pamoja kazi ilipanda 14 kwa mia. Kwa wale wapya na wenye ujuzi kidogo ilipanda 34 kwa mia. Kwa wazee wa kazi, karibu bure. Unajua juu ya nini? Juu mashini ilikuwa imekamata namna ya kujibu ya wale hodari, ikaigawanya kwa watoto. Ujuzi wa Papa ulitoka mu kichwa cha Papa ukaenda mu mufuko wa kila stajere, na Papa hakuna mutu alimuita kumulipa. Miye hii njo inanikasirisha mu hizi mambo zote, kuliko hata habari ya watu kufukuzwa.

Sasa upande ingine. Mwaka ule ule wa 2023 watafiti, kati yao wa Harvard, walipima watu 758 wa kampuni ya kutoa mashauri BCG. Ku kazi zenye mashini inaweza, wenye IA walimaliza kazi 12 kwa mia zaidi, na haraka 25 kwa mia. Kisha wakawapatia kesi moja yenye ilichaguliwa makusudi juu iko inje ya uwezo wa mashini, na pale wenye IA njo walikosea zaidi kuliko wenye hawana, wakashuka karibu pointi 19 kwa kupata jibu la kweli. Angalia vizuri Papa: wale si wajinga, ni watu wa masomo makubwa, na hawakuona mupaka. Mashini haina taa nyekundu ya kuwaka pale inaanza kudanganya, sauti inabakia ile ile, Kifaransa kile kile.

Ile mupaka, wewe unaiona. Rapoti ikisema ekipe ya usiku imefanya tani fulani, wewe unajua ule usiku umeme ulikatika saa nne na groupe haikuwa na mazutu. Sekretere hajue, Direktere hajue, na mu mafishi hakuna mutu aliandika. Kubeba habari kutoka chini kwenda juu ilikuwa nusu ya kazi ya shefu, na hiyo nusu inaenda, tusidanganyane. Kujua habari gani ni ya uongo inabakia. Basi usingoje wakusahau, ingia ku Direktere na rapoti tatu za mashini zenye umeandika na bik nyekundu pale zimekosea, umuambie: rapoti yoyote ipite kwangu saa moja mbele ya kufika kwako, na iandikwe mu fishi yangu ya kazi. Iandikwe, Papa, maneno ya koridore haina muzani.

Kwa vijana, hapa njo ninaogopa sana. Mutoto mwenye hakuuliza mukubwa hata siku moja, myaka kumi ikipita yeye njo atakuwa mukubwa, atakuwa anajua nini? Omba wakupatie wawili kila mwezi, wafanye dosie moja bila IA, na mukono, wewe unasahihisha. Watalia. Waache walie.

Na juu ya kufukuzwa: Sheria ya kazi yetu ya 2002, kifungu 62, inasema patro hawezi kuvunja kontra isiyo na mwisho bila sababu ya kweli, ao ya uwezo wako, ao ya mwenendo wako ku kazi, ao lazima ya kutembea kwa kampuni. Ile ya tatu njo mulango wenye watajaribu kupitia. Basi kama siku moja wanakuita, omba waandike sababu, na delege wa sendika akuwe pale.

*

*Yaya jambo, miye ni kontable wa myaka 26. Ninatumia IA ku telefoni yangu, kwa siri. Kazi ya siku mbili ninaimaliza masaa matatu, kisha ninajifanya niko busy. Juzi nilitia mo liste ya mishahara ya batu bote juu inifanyie hesabu, kisha nikaanza kuogopa. Niseme kwa patro?*
*— Mutoto wa Ruashi*

Mudogo wangu, umenichekesha na umenitisha, mu barua moja.

Liste ya mishahara, hapana. Majina, namba za konti, makuta ya kila mutu, ile si yako kutupa mu mashini ya watu wa mbali. Mu 2023 Samsung ilifungia watumishi wake hizi mashini za namna ya ChatGPT juu wamoja walikuwa wametia mo kodi (code) za siri za programu za kampuni, na wale ni mainjinia, wanajua vitu. Kwetu kuko Code du numérique, sheria ya mambo ya kompyuta, tangu Machi 2023, na inalinda habari za watu binafsi. Kuanzia leo ondoa majina weka Mutu 1, Mutu 2, ao bora zaidi: usiiombe ihesabu, uiombe ikufundishe fomula ya Excel, kisha wewe mwenyewe unaihesabia ku mashini yako na hakuna mushahara wa mutu unatoka inje. Zile zenye ulishatuma, futa ile mazungumuzo, na uende mu mareglaji ukatae wasifundishie mashini na maneno yako, hiyo bouton iko. Haifute yote, lakini ni bora kuliko kukaa na woga bure.

Kumuambia patro sasa. Juu ya nini unaficha? Juu unajua ukisema "nimemaliza saa tano" atakuletea kazi ya mwingine yenye hakumaliza, na mushahara utabakia pale pale. Uko na haki ya kufikiri vile, na miye ninaandika hii ili mapatro wasome: siri mu biro zenu munaizaa ninyi. Mutu mwenye kumaliza haraka munamuazibu na kazi zaidi, kisha munashangaa hakuna mutu anaonyesha njia ya haraka. Patro mwenye akili angesema, leta ufundi wako, onyesha wenzako, masaa yenye tunapata nusu ni yako nusu ni ya kampuni. Sijakutana na wengi. Wewe anzia na shefu wako wa karibu, umuonyeshe kitu kimoja kidogo yenye haina siri ndani, kama namna ya kulinganisha konti na releve ya banki, uone uso wake. Kama uso unafunguka, endelea.

*

*Mukubwa, tunauza vipande vya motokari. Patro aliweka robo, mashini ya IA, ya kujibu makiliya ku WhatsApp. Ile robo ikaambia kiliya kama amortisere zote nne ni bei ya mbili. Kiliya alikuja na picha ya ile mesaji, patro akamuuzia, kisha akanikata miye makuta ku mushahara juu njo niko responsabulu wa vente. Miye sikuandika ile mesaji!*
*— Mwenye hasira, Kenya (komini ya Lubumbashi)*

Kaka, kwanza patro alifanya muzuri kumuuzia kiliya. Kanada kuko kesi ya 2024: Air Canada, robo ya sayti yake ilimudanganya mutu juu ya bei ya kusafiri kwenda ku matanga. Kampuni ikaenda kujitetea kama robo ni kitu cha pembeni, ijibu yenyewe juu ya maneno yake. Tribinali ikakataa, kampuni ikalipa karibu dola 812 za Kanada. Robo haina mufuko. Mwenye kuiweka njo analipa.

Na mwenye kuiweka ni patro, si wewe. Ungeichagua wewe, ungeisoma kila jioni, ungekuwa na uwezo wa kuizima, hapo tungeongea ingine. Muulize hizi mambo tatu mu maandiko, polepole, bila hasira: nani anasoma majibu ya robo kila siku, nani ana ruhusa ya kuizima, na bei inatoka mu liste gani. Kama jibu ni "hakuna mutu", pale alikukata bure. Kama hataki kusikia, Inspeksio ya kazi iko, na makuta haikatwe ku mushahara hivi hivi sawa mutu anachuma maembe.

*

*Yaya, mashofere wetu wanatumaka vokali, mesaji za sauti, mu grupu, wanakataa kuandika. Patro anataka IA isikilize zile vokali itoshe rapoti ya mafuta. Inawezekana?*
*— Mwenye depo, Bel-Air*

Inawezekana nusu. Hizi mashini Kiswahili zenye zinasikia muzuri ni kile cha Dar es Salaam na Nairobi, chetu kiko na Kifaransa ndani, na Kibemba, na makelele ya moteri juu. Rafiki mumoja alijaribu. Shofere alisema "nabakia paka na lita kumi" ("paka" yetu ni "tu"), mashini ikaandika mu rapoti kama kamyo imebakia na paka na lita kumi, direktere akapiga telefoni kuuliza nani amebeba munyama bila karatasi.

Shika vokali 20 za kweli, za usiku na za muchana, wape mashini, kisha keti na mashofere wawili musome yenye imeandika. Hesabu namba tu, lita na kilometa, maneno mengine acha. Kama namba moja kati ya kumi iko mubaya, rudia ku fishi ya karatasi yenye vijumba viwili, na shofere aipige picha kabla ya kutoka ku stasio.